Kosa la Kuazima

Jumamosi, 4 Oktoba

Ushindi. Nimepata kazi ya lifti ya Jengo la Karakash, hapa hapa mtaani Attarin, Aleksandria. Kubadilisha kamba zote za chuma. Wamiliki wa nyumba walikutana jana baada ya sala ya Ijumaa, kwenye ngazi, kwa sababu hakuna anayekubali kufungua sebule yake. Wadie naye alikuwepo. Huyu Wadie ni fundi mwenye karakana mkabala na yangu, na ndiye mwiba wa maisha yangu. Akasema atahitaji siku mbili za kupima tu kabla hajagusa kitu. Siku mbili! Nikawaambia mimi napima kwa jicho. Wakanipa kazi pale pale. Mkataba wa matunzo utatiwa sahihi tarehe 18, na mimi au na Wadie, kutegemea lifti itakavyokwenda.

Kuna jambo moja dogo. Madam Dawlat wa ghorofa ya sita hajakanyaga barabara tangu Ramadhani, lifti ilipokufa. Magoti yake yamezikataa ngazi. Ijumaa ya tarehe 17 mjukuu wake anafunga ndoa. Alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, nitashuka?" Sijui nini kilinipata. Nikaapa mbele ya jengo zima kwamba atashuka kama malkia, na asiposhuka nitanyoa masharubu yangu pale mlangoni watu wakitazama. Wadie akayaangalia masharubu yangu kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusu heshima.

Nilipokuwa natoka, bawabu Metwalli akaninong'oneza. "Mhandisi, jihadhari na Wadie. Ana watu ndani ya simu." Kisa chenyewe: lifti ya jengo la jirani iliwashinda mafundi watatu. Wadie akakaa kwenye ngazi, akaandika kitu kwenye simu, akanywa chai, akajibiwa na mtu wa Mosul. Saa moja, kazi kwisha. Kumbe siyo akili yake! Mpango: nitawatafuta hao watu, nitaingia kati yao kimyakimya, nitakamua elimu yao yote, na Wadie atabaki na chai yake.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimejiunga na makundi tisa ya mafundi wa lifti kabla ya chakula cha mchana. La kwanza lina watu elfu sitini. Nikafikiri nimefika. Nikaanza kusoma kutoka juu. Picha ya waridi yenye maneno Ijumaa njema. Waridi jingine. Mtu anauza magodoro. Fundi mmoja wa Basra aliuliza kuhusu breki mwezi wa Machi, na majibu yote mia mbili yanamwombea heri. Natumaini lifti yake imesimama mahali.

La pili linaitwa Washauri Wakuu wa Lifti. Hapo nilipokewa inavyostahili. Ndani ya dakika kumi nimepewa cheo cha Balozi wa Aleksandria pamoja na cheti chenye picha ya tai. Sijaona humo mtu anayetengeneza lifti, wote wanashauri. Cheti nimekichapisha na kukitundika karakanani, mahali ambapo Wadie anaweza kukisoma kutoka ng'ambo ya barabara. La tatu ni ugomvi mtupu. Jamaa wa Beirut na jamaa wa Amman wanatukaniana wazazi kwa sababu ya grisi. Nilikaa humo saa tatu. Sikupata chochote cha kutumia lakini nilifurahi sana.

Inshirah, mke wangu, anashona nguo za maarusi na ana kundi lake la washonaji humo humo simuni. Akanitazama juu ya miwani. Akasema ninahesabu vichwa badala ya kusoma maswali. "Baba Sahar, tafuta penye mtu anayeuliza swali la kijinga asichekwe. Halafu angalia kama yupo anayesema mimi sijui. Hapo ndipo ukae." Nikamwambia gauni ni gauni na lifti ni lifti.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimewapata. Na siyo kwa njia ya Inshirah, kwa ujanja wangu mwenyewe. Nilimfuata Wadie mkahawani, nikakaa nyuma yake, nikajifunika gazeti, nikasoma simu yake juu ya bega. Watu wa Kisimani. Kisima ndilo jina tunaloliita sisi mafundi lile shimo refu ambamo lifti hupanda na kushuka. Watu mia moja na kumi na wanne tu! Ukurasa wao wa mbele uko wazi, nikausoma. Mtu wa Oran anauliza kwa nini mlango wake unajifunga mara mbili. Mzee wa Mosul anajibu kwamba hajui, ngoja akapime kwake. Kesho yake anarudi na mchoro wa penseli. Aibu gani hii, mtu mzima mwenye mvi kusema hajui mbele ya umati. Lakini hawa ndio watu wa Wadie, kwa hiyo ninawataka.

Shida ni sharti la kuingia. Cheti hawakitaki. Nilituma cha Balozi, kikarudishwa. Wanataka uandike kosa moja kubwa ulilofanya kazini kwa mkono wako mwenyewe. Miaka ishirini na sita kazini, nami sina kosa! Ni kweli kwamba mingi kati ya hiyo ilikuwa ya milango na vitufe, na kwamba kamba zote za lifti nzima ndiyo kwanza nazishika, lakini hayo hayana haja ya kutangazwa. Nikamwuliza Inshirah kama anakumbuka kosa lolote. Akaweka sindano chini, akaanza kuhesabu kwa vidole. Alipohamia mkono wa pili nikamwambia inatosha, yale yote yalikuwa matatizo ya umeme.

Kisha nikapata wazo, na nilipolipata nilicheka peke yangu. Nitaazima kosa la Wadie. Miaka minne iliyopita alifunga kamba mpya kwenye jengo la wauza pamba. Siku chache baadaye lifti ikakataa kufika ghorofa ya juu. Ikawa inasimama upana wa kiganja chini ya sakafu, na tajiri wa pamba akawa anatoka kwa kuinua mguu kama anaingia kwenye birika la kuogea. Hadithi hii nimeisimulia kila mkahawa wa Attarin. Kilikosewa nini hasa, sijui na sijawahi kuuliza, kwangu ilitosha kwamba ni Wadie. Nimeiandika kama yangu, nikatia na machozi kidogo. Jina langu humo: Simba wa Kamba.

Jumanne, 7 Oktoba

Wamenipokea! Hata saa moja haikupita. Msimamizi wao, anayejiita Mlinzi wa Kisima, ndiye aliyeanzisha kundi. Akaandika, "Karibu, ndugu yangu. Kosa hili nalijua vizuri sana. Ni kama nilikuwepo." Nikasikia fahari. Mabingwa hutambuana.

Kisha akauliza baada ya pale nilifanya nini. Hapo nikakwama, maana Wadie alifanya nini baada ya pale hakuna aliyewahi kunisimulia. Sikuwahi kumpa mtu nafasi ya kufika huko. Nikajibu nililaumu kiwanda cha kamba. Akasema haidhuru, nitawaambia siku nikikumbuka.

Picha yake siyo uso, ni mkono wake wa kushoto juu ya meza ya kazi, na kidole cha mwisho kimekatika nusu. Mkono wa mtu aliyeteswa na kazi. Wadie naye amekatika nusu ya kidole hicho hicho, lakini kwake ni uzembe. Nimelitafuta jina la Wadie katika orodha yote ya wanachama. Halimo. Bila shaka wamemfukuza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku kubwa. Kamba mpya zimefungwa. Nilibonyeza kitufe cha sita, lifti ikapanda, ikasimama sawasawa na sakafu. Madam Dawlat alikuwa anasubiri mlangoni amevaa mkufu. Akaingia, akashuka ghorofa moja tu kwenda kumsalimia jirani wa tano, akarudi. Alikuwa analia na kucheka. Mimi pia macho yaliniwasha, ni vumbi la kisimani.

Nimewatumia picha Watu wa Kisimani ili wajue wana nani kati yao. Mlinzi akanipongeza, halafu akaharibu. "Pima tena nafasi iliyobaki chini ya jiwe." Jiwe ni lile tofali kubwa la chuma linaloshuka kila lifti inapopanda, na chini yake kabisa kuna springi ya kulipokea. Akaniambia nilifungie vipande viwili vya mbao ngumu chini yake, vitakuja kunifaa. Kupima, kupima! Wadie naye hana neno jingine mdomoni. Nikamjibu kwa picha ya waridi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Daktari wa meno wa ghorofa ya nne anahama. Lifti imebeba makabati, vitabu, kiti cha meno na mama mkwe wake, juu na chini tangu asubuhi. Nimepanda nayo kila safari, mikono nyuma, ili watu wanione. Wadie alipita akachungulia, akauliza kama nimeweka mbao. Nimeshangaa. Amejuaje habari za mbao? Ama kweli anapeleleza kila mahali. Nikamwambia mbao ni za maseremala.

Jumanne, 14 Oktoba

Kuna kitu hakiko sawa na jengo. Lifti ni nzima, lakini ghorofa ya sita imepanda. Chumba cha lifti kinasimama chini ya sakafu yake, si mbali, upana wa kiganja. Nikamweleza Metwalli kwamba majengo ya zamani huvimba mwezi wa Oktoba kwa sababu ya unyevu wa bahari. Akatikisa kichwa kwa heshima, kisha akasema hii mbona kama ile ya Wadie kwa wauza pamba. Nikamwambia haifanani hata kidogo. Ile ilikuwa lifti ya Wadie.

Nimeweka kibao cha kukanyagia. Madam Dawlat akajaribu. Goti likakataa, akajishika kwenye mlango, na rangi ikamtoka usoni. Alirudi ndani polepole akaufunga mlango wake, nami nikabaki na kibao mkononi. Sikula chakula cha mchana.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo ni kiganja na vidole viwili. Nimekaza, nimelegeza, nimepulizia mafuta, nimeipiga mota kofi. Zimebaki siku mbili. Inshirah ameleta wembe mpya kutoka dukani na kuuweka karibu na kioo.

Nikaona nitumie elimu ya Watu wa Kisimani, ndiyo maana niliingia. Nikaandika kwamba rafiki yangu mmoja, fundi dhaifu, ana lifti isiyofika juu. Majibu yakaja kutoka kila pembe. Mtu wa Oran: "Simba, si ndilo kosa lako la kuingilia hili?" Mzee wa Mosul: "Mwambie rafiki yako afanye kama ulivyofanya wewe." Watu thelathini na wanne wakauliza nilifanya nini. Nilikaa juu ya ndoo nikitokwa na jasho. Duniani hakuna mtu mwingine aliyewahi kubanwa na kosa ambalo hata si lake.

Nikaandika: nimesahau. Hakuna aliyecheka. Huenda hawakuelewa. Mlinzi akaeleza taratibu, kwa mchoro. Kamba mpya hurefuka zikianza kubeba mizigo. Zikirefuka, jiwe linawahi kukalia springi yake kabla chumba hakijafika juu, na jiwe likishakaa, chumba hakipandi tena. Mbao zingekuwepo chini ya jiwe, ingetosha kuzitoa; kama hazipo, dawa ni kuzifupisha kamba. Chumba kininginizwe kwa winchi ya mnyororo, jiwe liegemezwe kwa mbao, kamba zikatwe ncha na kufungwa upya moja moja. Mtu mmoja juu kwenye mashine, mmoja chini kisimani. "Rafiki yako asifanye peke yake, nakuomba. Mimi kidole changu nilikiacha siku niliyofanya peke yangu. Ana mtu wa kumsaidia hapo karibu?" Nikajibu hapo karibu hakuna fundi mwenye akili. Akaniuliza jengo gani. Nikamtajia, yuko mbali, atafanya nini nalo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Saa mbili asubuhi nafika Jengo la Karakash, namkuta nani? Wadie. Amekaa kwenye ngazi, winchi ya mnyororo begani, vipande viwili vya mbao kwapani. Eti alikuwa anapita. Mtu apite na winchi ya kilo arobaini! Nikaelewa mara moja: amesikia kwamba nina elimu mpya, amekuja kuniibia. Nikaamua kumgeuza. Nikamwambia akitaka kujifunza ashuke kisimani, mimi nitakaa juu na kutoa maagizo. Akasema, "Haya, Fundi Bahgat." Nimemwambia mara mia aseme Mhandisi.

Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Mimi juu nasoma maelekezo ya Mlinzi kwenye simu na kupiga kelele, Wadie chini anatii. Nitakuwa mkweli, anatii haraka mno, mara nyingine alimaliza jambo kabla sijafika mwisho wa sentensi. Nilipokuwa na shaka nilimwuliza Mlinzi. Na kila nilipotuma swali, simu ya Wadie ililia chini kwa ule mlio wake wa njiwa, na kazi ikasimama mpaka amalize kuandika. Kisima kinabeba sauti, nilisikia kila mlio. Nikamkaripia aache kuchezea simu kazini, watu wengine tunawasiliana na mabingwa. Akasema samahani, ni mteja mmoja msumbufu.

Saa tisa tumemaliza. Nimebonyeza sita. Lifti ikapanda, ikasimama. Niliweka sarafu nusu sakafuni nusu ndani ya lifti, haikuyumba. Wadie akatoka kisimani mweusi kwa grisi, akasema, "Pima tena." Nikapima. Sijui kwa nini nilimtii, ni uchovu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeshinda! Madam Dawlat ameshuka.

Alivaa gauni la kijani na manukato yaliyojaza ngazi zote. Jengo zima lilisimama chini kumsubiri. Mlango wa lifti ukafunguliwa, akatoka kwa mguu wake mwenyewe, na wanawake wakapiga vigelegele hadi Metwalli akaziba masikio. Mjukuu wake, bwana arusi, alimbusu mikono yote miwili. Bibi akavuka kizingiti, akasimama kwenye jua la barabarani, akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo. Mimi nilitazama pembeni na nikamkuta Wadie naye anatazama pembeni.

Madam Dawlat akatoa lozi za sukari. Mimi moja, Wadie mbili. Uzee, anachanganya hesabu. Masharubu yangu yapo mahali pake na nimeyapaka mafuta.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mkataba ni wangu! Wamiliki walimwuliza Wadie kama ana neno. Akasema hana, nipewe mimi, kwa kuwa sasa jiwe sitalisahau tena maisha yangu yote. Amekata tamaa, maskini. Nilitaka kumwonea huruma lakini nilikuwa natia sahihi.

Furaha haikuja peke yake. Mlinzi wa Kisima ameondoa neno mgeni mbele ya jina langu. Kaandika mbele ya wote kwamba Simba wa Kamba ameingia kisimani na kosa, na sasa kosa hilo ni lake kwa haki. Watu mia na kumi na watatu wakanipongeza. Mzee wa Mosul ameniuliza mimi, Bahgat, swali kuhusu kitufe, nami nikamjibu vizuri, maana vitufe navijua kweli. Nilifurahi hata nikamwita Inshirah aje kusoma.

Kuna sharti moja tu limebaki. Kabla mwezi haujaisha kila mwanachama huleta kosa jipya. Mlinzi ameliandika tena leo na kuongeza maneno mawili ambayo sikuwahi kuyaona: lako mwenyewe. Sheria nzuri, inawahusu wengine. Mimi makosa yangu yamekwisha, yaani halikuwepo hata moja tangu mwanzo. Lakini Wadie anayo tele, na baada ya kuniona juzi jinsi ninavyofanya kazi, hawezi kukataa kunieleza. Nimenunua nusu kilo ya basbusa, ile keki tamu ya shira. Kesho navuka barabara, nakaa naye, nakunywa chai yake, namsikiliza. Nitarudi Jumapili nyingine, na nyingine, hadi nimalize akiba yake yote.

Inshirah alicheka mpaka akakaa juu ya kitambaa cha mteja. Kisha akaniuliza, je, nikigundua huyo Mlinzi wangu anajuana na Wadie?

Nikamwambia aache mzaha. Mtu wa kiwango kile!

Nimeongeza basbusa iwe kilo nzima. Wadie anapenda vitamu, na nusu kilo huenda isitoshe kosa zaidi ya moja.